Nimepokea Mahari ya Kadi, Sasa Bei Imeshuka

Mpendwa Mama Chibalonza,

Naomba msaada wako kabla familia yangu haijagawanyika kwa sababu ya kipande cha karatasi kisichozidi kiganja cha mkono, na nakuomba usicheke mpaka nimalize, ingawa mke wangu Concilie anasema utacheka tu, kwa kuwa yeye mwenyewe alicheka kuanzia Februari hadi mbavu zikamuuma.

Mimi ni Mrundi, nilikulia kambini Kigoma, sasa naishi Mount Druitt, hapa Sydney, na nafanya usafi katika nyumba ya kutunzia wazee. Nina binti mmoja, Diane, anayesomea unesi, na mwaka jana alituletea kijana anayeitwa Fidèle, Mrundi mwenzetu wa kule Ingleburn, mpole, dereva wa foklifti kwenye ghala, na kanisani anapiga gitaa la besi, nami nikampenda siku ile ile ya kwanza kwa sababu aliongeza ugali bila kubembelezwa. Ikabaki mahari. Sasa mama, unaujua mwaka tuliotoka, ghala lilimpunguzia shifti, ndugu zake wa Burundi nao wako hoi, ndege haziruki, kwa hiyo tukajua watakuja na kidogo, na mimi na Concilie tulikuwa tumekubaliana kimoyomoyo kupokea hicho kidogo kwa uso mkunjufu.

Walikuja Februari, wakati Sydney bado iko wazi na sisi tunajidanganya kwamba korona imetupita. Msemaji wao alikuwa mjomba wake, bwana Arnaud, fundi wa maneno kabisa, na upande wetu mkubwa wa ukoo ni kaka yangu Elkana, ambaye yuko Brisbane, hivyo tulimweka kwenye simu tukaiegemeza kwenye bakuli la sukari ili aone watu wote. Arnaud akasimama, akasema wametuletea ng'ombe asiyekula majani na asiyeijua homa, akatia mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa kitu kimefungwa kwenye leso nyeupe, akakiweka mezani katikati ya Fanta na sambusa. Tukafungua. Ndani mlikuwa na kasha gumu la plastiki, na ndani ya kasha picha ya mchezaji wa mpira wa kikapu, yule wa Chicago ambaye hata bibi yangu angemtambua, yuko angani, miguu imeachana, mpira juu, ulimi nje.

Kisha Elkana akauliza kutoka kwenye bakuli la sukari kama huyo wa pichani ni ndugu wa bwana harusi, na kama ni marehemu. Arnaud akajibu kwa heshima kwamba si ndugu, na yuko hai, tena ni tajiri mkubwa sana. Elkana akauliza basi kwa nini asije mwenyewe kutoa mahari.

Mama, nilitaka kuingia chini ya meza. Diane, ambaye kwa mila alitakiwa akae jikoni mpaka aitwe, alitoka mwenyewe na kitambaa cha vyombo begani, akaanza kutufundisha. Akasema hii ni kadi ya miaka ya mwanzo ya yule bwana, ilichapwa mwaka themanini na sita, na wakati huo watoto walizichezea, wakazibandika milangoni na kuzichomeka kwenye magurudumu ya baiskeli, ndiyo maana zilizobaki safi ni chache. Akasema hii ilipelekwa Marekani kwa wakaguzi, wakapima pembe zake, wakatazama kama picha imekaa katikati, wakaipa nane katika kumi na kuifungia humo. Akasema Fidèle aliinunua akiwa bado kijana wa shule, kwa mshahara wake wa kwanza wa kukusanya matoroli ya supamaketi, na amekataa kuiuza mara zote alizobanwa na maisha. Halafu akatuonyesha kwenye simu yake bei ambazo kadi kama hiyo iliuzwa juma lile lile, maana watu walikuwa wamefungiwa majumbani dunia nzima, wakakumbuka utoto wao, wakaanza kuununua.

Tukamsikia Elkana anapumua. Tukamsikia anabadilisha ile bei kuwa ng'ombe, kwa bei ya milimani kwetu, ananong'ona peke yake kama anayesali. Alipofika ng'ombe wanane akasema: "Wapeni wageni soda." Tukapiga vigelegele mpaka jirani yetu Msamoa akaja kuuliza kuna nini, naye akapewa sambusa.

Basi mama, tangu siku hiyo nikawa mchunga ng'ombe. Nilijifunza kwamba jua linaua wino na unyevu unapinda pembe, nikamlaza kabatini katikati ya vitenge vya Concilie, na Concilie akitaka kitenge cha kwenda kanisani inabidi aniambie kwanza. Mimi ambaye sijawahi kudundisha mpira huo hata mara moja, sasa najua mwaka gani walichapa kadi nyingi kupita kiasi hadi hazina maana, najua kingo za nyekundu huchubuka upesi kuliko za nyeupe, na nilipotumwa vitunguu dukani nilirudi na pakiti mbili za kadi za raga, bila vitunguu. Kazini niliwaeleza wazee wangu, na bibi mmoja ambaye amesahau majina ya wanawe huniuliza kila asubuhi kama kijana wetu kalala salama. Nilikuwa na furaha ya kitoto, mama, sikufichi. Asubuhi nafungua kabati, namtazama anaruka, nafunga, naenda kazini nimenyooka mgongo.

Harusi tulipanga Julai. Mwishoni mwa Juni wakatufungia majumbani kwa korona. Huku kwetu magharibi ndiko walikokaza zaidi, helikopta juu ya mapaa, ukitoka usipite kilomita tano, na Ingleburn ikawa mbali kama Bujumbura. Diane na mchumba wake wakabaki kuonana kwenye simu. Na katika miezi hiyo hiyo bei ya kadi ikaanza kuporomoka.

Sasa Elkana, aliyeuliza kama yule bwana ni marehemu, alikuwa amejifunza kutazama bei mwenyewe. Akimaliza sala ya asubuhi ananipigia. "Lazare, wawili wamekufa." Baada ya siku kadhaa, "Lazare, na wa tatu kaanguka." Ikafika mahali akasema nusu ya zizi imekwisha, na kwamba kwa desturi ng'ombe akifa kabla bibi harusi hajatoka nyumbani, hasara ni ya aliyemleta, hivyo Fidèle ajazie. Kama hawezi kujazia, basi niuze leo wakati bado wako wanne, tena mnunuzi amekwisha kumpata huko huko Brisbane, anasubiri tu. Na kama sifanyi hili wala lile, yeye hatasimama kama mkubwa wa ukoo siku ya harusi. Mama, Elkana ndiye aliyenilea baba yetu alipofariki. Viatu vyangu vya kwanza alivua vyake akanipa. Sijawahi kumwambia hapana, sijui hata mdomo unakaaje ukisema hilo neno kwake.

Kwa hiyo nikafanya ujinga. Nikampigia Arnaud, nikamuuliza kwa mzaha kama kijana anaweza kuongeza chochote kidogo. Mzaha wangu ulifika Ingleburn kabla sijaweka simu chini, na jibu likarudi kwamba Fidèle yuko tayari kuuza pikapu yake, ambayo bila hiyo hafiki ghalani, kwa kuwa shifti yake huanza kabla ya treni ya kwanza.

Halafu Jumamosi tukiwa mezani Elkana akapiga, nami nilikuwa nimeweka simu kwa sauti ya wote, akasema huyu ng'ombe amekonda, tusimtoe mtoto kwa mifupa. Diane akaweka sahani chini. Wewe unajua watoto wetu wa huku, unawasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, na huyu ndivyo alivyo tangu darasa la kwanza. Siku hiyo alinijibu kwa Kiswahili safi.

"Baba, kilichoshuka bei ni kadi au ni mimi?"

Tangu hapo anachukua chakula chake anakula chumbani, na Concilie ameacha kucheka, jambo ambalo katika nyumba yetu ni kama kukatika umeme.

Nishauri, mama. Nimdai kijana? Niuze nimridhishe kaka? Na swali jingine naliuliza kwa aibu, je, vitu hivi vya mashujaa wa zamani vina thamani ya kudumu, bei itarudi au ndiyo imekwenda? Maana nikiuza na ikarudi nitajilaumu, na nisipouza na ikafa kabisa, nitamtazama vipi Elkana? Na tena, nikiuza, asubuhi nitafungua kabati nitazame vitenge?

Ni mimi,
Lazare, Mount Druitt

*

Baba Diane,

Mkeo alisema kweli, nimecheka, tena hewani, katikati ya kipindi changu cha redio, msikilizaji mmoja akapiga simu kuuliza kama niko salama. Nimekucheka kwa upendo. Lakini nilipofika kwa binti yako na sahani yake nikaacha, kwa hiyo na wewe acha kutabasamu unisikilize.

Kwanza, mahari ilikwisha. Ilikwisha Februari, pale kaka yako aliposema wageni wapewe soda. Kwetu Bukavu na kwenu Burundi na popote watu wanapotoa mahari, kilichokaguliwa, kikasifiwa na kushushiwa kinywaji kimeshaingia zizini. Ng'ombe aliyefia kwako umlilie wewe, usimtumie mkwe bili. Tena hata hajafa, yuko kabatini anaruka.

Na hilo la desturi usimbishie kaka yako, atakushinda, wakubwa wa aina yake wana desturi kwa kila hali ya hewa. Muulize swali moja tu, kwa adabu, ukimwita kaka: kama bei ingepanda, ng'ombe wakawa kumi na sita, wale wa ziada angewarudisha Ingleburn? Uliza, halafu nyamaza. Usijaze ule ukimya, Baba Diane, nakujua utataka kuujaza. Mwache yeye aukalie. Kumheshimu aliyekulea si kumruhusu amuumize mwanao, na mtu aliyekuvulia viatu vyake hawezi kukukana kwa sababu ya neno hapana. Alikulea ili uwe mwanamume, sasa mwonyeshe kazi yake ilifanikiwa.

Pili, bei. Mimi si mganga wa bei. Nilimuuliza bwana mmoja wa Parramatta ambaye amenunua na kuuza kadi tangu nywele zake zikiwa nyeusi, naye akaniambia kama ninavyokuambia. Kadi za wachezaji wa kawaida ni karatasi. Kadi zilizochapwa kwa mamilioni ni karatasi nyingi. Lakini ya shujaa ambaye hata wasiopenda mchezo wanamjua, ya miaka yake ya mwanzo, iliyobaki safi na ikakaguliwa, hiyo hupanda ikashuka ikapanda, na ukiitazama kwa miaka badala ya kuitazama kila baada ya sala ya asubuhi, mara nyingi imekuwa juu ya pale ilipoanzia. Mara nyingi, alisema, si daima. Hakuna aliyekuapia. Anayeuza kwa hofu huuza vibaya, na anayenunua kwa wazimu, wakati dunia nzima imefungiwa ndani na inanunua utoto wake, hununua vibaya pia. Aliyenunua vizuri katika hadithi yako ni mmoja, yule kijana aliyesukuma matoroli.

Nawe hapo ndipo ulipopofuka. Unasoma pembe za kadi kwa milimita, mtu mzima huwezi kumsoma? Huyu kijana alishika kitu kimoja miaka yote, akabanwa na maisha asikiuze, akapunguziwa kazi asikiuze, halafu akakifunga kwenye leso akakileta kwako kwa ajili ya Diane. Ulipomtania akataka kuuza na gari. Ungependa akupe nini zaidi, figo?

Sasa nikuambie, nilipiga simu kwako kabla ya kuandika haya. Ulikuwa kazini. Aliyepokea ni Concilie, na tumezungumza mpaka uji wangu ukaungua. Nilimuuliza yeye angefanyaje, kwa kuwa naona katika barua yako yote, mke wako ametajwa akicheka tu, hakuna mahali ulipomuuliza. Akaniambia: "Kwetu ng'ombe wa mahari akizaa, wazazi humrudishia binti ndama aanzie maisha. Huyu hatazaa, basi arudi mwenyewe."

Nimekaa na kazi hii ya ushauri muda mrefu, na mara chache nimetamani kumkabidhi mtu kiti changu. Fanya alivyosema mkeo. Usiuze, usidai. Siku watakapoingia katika nyumba yao, wewe na Elkana muwapelekee ile kadi, rasmi, kwa maneno, mbele ya watu, kama zawadi ya ukoo wa bibi harusi. Hakuna atakayesema mlimtoa bure, maana ilikuja mkaipokea. Na hakuna atakayesema mlimuuza, maana mmeirudisha. Ikipanda, wamepanda wao. Ikishuka, watakuwa wameshuka pamoja ndani ya nyumba moja, na ndoa imeundwa kwa ajili hiyo.

Utaumia, najua. Nimeona vile ulivyoandika kuhusu kabati. Lia kidogo, kisha mwachie mkeo vitenge vyake.

Lakini usianze na kadi, anza leo na binti. Gonga mlango wa chumba chake wewe mwenyewe, usimtume mama yake. Usimweleze soko, usimtaje Elkana, usiseme ulikuwa mzaha. Sema umekosa. Kisha, ukiwa bado mbele yake, mpigie Fidèle umwambie pikapu isiuzwe na kwamba kwako hana deni lolote. Diane alisikie neno hilo likitoka kinywani mwako. Halafu kaa ule naye huko huko chumbani, sahani mapajani, mpaka atakapotaka mwenyewe kurudi mezani.

Mama Chibalonza

*

Mwezi wa Novemba Baba Diane alituandikia tena, na kwa ruhusa yake tunaichapa barua yake fupi.

Mama Chibalonza, shikamoo. Nilifanya kwa mpangilio wako. Fidèle aliposikia hana deni alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika, kumbe alikuwa ametoka nje kung'oa karatasi ya KUUZWA kwenye kioo cha pikapu, maana mnunuzi alikuwa aje kesho yake. Diane alilia, akacheka, akanirekebisha Kiingereza changu, nikajua tumepona. Tulikula chumbani kwake siku tatu kisha akasema kitanda kimejaa makombo, twende mezani.

Elkana nilimuuliza lile swali. Nikanyamaza kama ulivyoniamuru, na ilikuwa kazi nzito kuliko kufyonza vumbi ukumbi wote wa wazee. Akakohoa, akasema atafikiri, akakata simu. Juma zima hakupiga, nami nilishindwa kula. Kisha akapiga baada ya sala, akasema asingewarudisha. Akasema amemwambia mnunuzi atafute kwingine.

Oktoba walipotufungulia tukafunga harusi, watu mia moja, barakoa za rangi ya dhahabu alizoshona Concilie. Mpaka wa Queensland, jimbo analoishi Elkana, bado ulikuwa umefungwa, kwa hiyo Elkana alisimama kama mkubwa wa ukoo akiwa Brisbane, amevaa suti kamili mbele ya simu, na alizungumza muda mrefu hadi chaji ikaisha katikati ya baraka, tukaitikia amina kwa makadirio.

Wamepanga nyumba ndogo Ingleburn. Kadi tumewapelekea, nikasema maneno yangu nikashindwa kuyamaliza, Arnaud akanimalizia. Wameiweka ukutani sebuleni, mbali na dirisha. Kila Jumapili tukitoka kanisani tunakwenda kumsalimia binti yetu, nami nikifika huingia sebuleni kwanza, na hakuna anayeniuliza nimekuja kumwona nani.